Tepe Moja kwa Watu wa Seksheni Yetu

Mahali siruhusiwi kupataja,
ng'ambo ya mto, wakati wa masika.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Shikamoo yenyewe naitanguliza mbele ya yote kwa sababu najua barua hii utasomewa na dada Skolastika, na yeye akishika barua ya mtu hupenda kuruka salamu ili afike haraka kwenye habari. Dada, shikamoo na wewe, lakini usiruke. Soma polepole kama unavyosoma kanisani Jumapili, na pale nitakapojisifu usipunguze sauti.

Hali yako ikoje Mama? Mguu wa kushoto bado unakusumbua mvua ikinyesha? Maharage ya shamba la kijiji yameota vizuri, au wale wa zamu ya palizi wamekaa kivulini tena wakisubiri mwenyekiti apite ndipo washike jembe? Na sabuni je, imefika pale duka la ushirika, au bado mnapanga foleni ya mawe na kila mtu analinda jiwe lake? Yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa? Nijibu yote, usiniambie tu kwamba hamjambo. Hamjambo kila mtu anaweza kuiandika, hata mtu wa Bugarama.

Mimi mwanao Deogratias ni mzima kuanzia utosini mpaka kwenye kucha za miguu, isipokuwa kucha moja ambayo buti limeing'oa likabaki nayo. Nimekonda kidogo lakini uzuri umebaki. Niko mahali ambapo wakubwa wamekataza tusipaandike, ila nitakwambia kwamba ndizi ni nyingi, milima ni laini kuliko ya kwetu, na wanawake wa huku wanapiga magoti wakisalimia mpaka unaona haya kupita barabarani. Kwa hiyo usilie usiku. Nduli anakimbia, sisi tunafuata, na kila tukipita kijiji watu wanatoka na matawi ya miti wanaimba. Juzi mzee mmoja aliniimbia mimi peke yangu. Nadhani alinifananisha na mtu, lakini nilipokea.

Sasa niingie kwenye lile uliloniuliza. Umesema alipita askari hapo Nyamiaga, ana tepe tatu mkononi, na Balozi wetu wa nyumba kumi akamkalisha kwenye kiti cha Padri, akawatangazia watu kwamba mkuu wa jeshi la Tanzania amekuja kututembelea. Mama, nilicheka mpaka wenzangu wakadhani malaria imenipanda kichwani. Tepe tatu ni sajini! Sajini ni mtu mkubwa, simdharau, hasa wa kwangu akiwa karibu kama sasa. Lakini toka sajini mpaka mkuu wa majeshi ni kama toka Ngara mpaka Dar es Salaam kwa miguu, tena umejitwika mtungi. Mwiteni Balozi akae, dada amsomee, mimi nimfundishe. Mimi niliyekuwa utingo wa lori, niliyelala Mwanza nikaamkia Tabora, leo nimekuwa mwalimu wa vyeo.

Jeshini mtu hasomwi usoni. Anasomwa mkononi na begani. Kwanza yupo askari wa kawaida, ambaye mkono wa shati lake hauna kitu chochote. Huyo ndiye mimi nilivyokuja. Huyo anabeba kila kitu: bunduki, sufuria, na makosa ya wakubwa. Anayemfuata ni koplo usu, tepe moja, kitambaa cha umbo la V kimeshonwa mkononi. Huyo ni sawa na mtoto wa kwanza nyumbani: mzazi akitoka anaambiwa "angalia wenzako," na kitu kikivunjika ndiye anayechapwa. Koplo mwenyewe ana tepe mbili, naye kwa kawaida ndiye mwenye seksheni, yaani watu wanaotosha kuzunguka sufuria moja. Sajini ana tatu. Ukiona tepe tatu na juu yake kuna alama nyingine imekaa, huyo ni sajini taji, ndiye anayejua blanketi lako limekwenda wapi, na hakwambii. Kisha wako maafisa wateule. Hao ni kama mashangazi kwenye harusi: si baba wa bibi harusi wala si mama yake, lakini hakuna kinachofanyika wao wasipokohoa. Alama yao iko chini, karibu na pale mtu anapofunga saa.

Hapo mkono umekwisha, tunapanda begani, na hewa inakuwa nyembamba. Luteni usu, nyota moja. Huyo ni kijana ametoka chuoni juzi, buti linalia anapotembea. Luteni, nyota mbili. Kapteni, nyota tatu, anaweza kuwa na kombania nzima. Balozi atafikiri anayefuata ana nyota nne. Hapana! Meja hana nyota hata moja, lakini usimwonee huruma, maana yeye amevaa Bwana na Bibi, ile ngao ya taifa iliyoko kwenye karatasi za serikali pale kwa Katibu Kata. Toka hapo nyota zinaanza kurudi, zinakaa pamoja na hiyo ngao: moja kwa luteni kanali, mbili kwa kanali, tatu kwa brigedia. Zaidi ya hapo ni majenerali, mambo ya panga zilizopishana. Sijamwona jenerali kwa karibu, na mimi si mtu wa kusema nisichokiona, isipokuwa nikiwa Mwanza.

Tena kuna jambo moja Balozi hatalikubali, lakini ni la kweli. Alama hizo zote nilizozitaja, huku tuliko hazivaliwi. Adui akiona nyota begani anailenga hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuvuka mto wakubwa walivua kila kitu, wakaweka mifukoni, na sasa kanali na kuruta wanafanana kwa matope. Mkubwa unamtambua kwa namna watu wanavyosimama akipita. Shida yangu, Mama, imeanzia kwenye hayo mambo ya vyeo.

Koplo wetu, mtu wa Songea, mpole, aliyekuwa akituita wadogo zake, kipande cha kombora kilimchana paja. Usishtuke, yuko hai, amerudishwa nyuma kwa lori na aliondoka akituagiza tusimle kuku wake. Lakini seksheni ikabaki bila kichwa. Siku hiyo hiyo Sajini Marwa, mtu wa Mara, ambaye sauti yake ukiiweka kwenye gunia gunia linapasuka, akatukusanya.

"Seksheni isiyo na mkubwa inavunjwa," akasema. "Wawili huku, watatu kule, kila mmoja anaziba pengo. Ndiyo kawaida."

Mama, sisi wa seksheni hii ni mgambo wa Ngara na Biharamulo. Tumetoka pamoja, tumefundishwa kwata pamoja kwa fimbo kabla ya kupewa bunduki. Mimi ningeweza kwenda popote, wanijua, nikiwekwa kwenye kundi la viziwi nitawachekesha. Wasiwasi wangu ni Mathias.

Mathias ni Mzinza wa Biharamulo, Mzinza peke yake kati yetu, mrefu kama nguzo ya simu, anabeba mzigo wa watu wawili na haombi kupumzika. Lakini Kiswahili chake ni cha kuazima. Alikulia porini na ng'ombe, shule aliiona kwa nje. Ukimsemesha taratibu anaelewa. Ukimpigia kelele huku risasi zinalia, maneno yanapita juu ya kichwa chake. Kuna siku Koplo alipaza sauti turudi nyuma kwa kushoto, sisi tukarudi, yeye akabaki amepiga goti peke yake mbele ya adui, anangoja kuelewa. Nikamwita kwa Kizinza changu cha sokoni, akaja mbio. Toka siku hiyo analala upande wangu wa kulia, na kila amri inapita kwangu kwanza ndipo imfikie. Akipelekwa kwenye seksheni ya watu wasiojua hata neno moja la kwao, siku ya kwanza ya risasi atapiga goti tena, na hapatakuwa na wa kumwita. Na wewe unajua mama yake alinifanya nini siku tunaandikishwa pale bomani Biharamulo. Aliushika mkono wa mwanawe akauweka kwenye wangu, akaenda zake.

Nikamfuata Sajini.

"Afande, hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Apatikane mtu hapa hapa avae tepe. Nimefikiria jina." Akanitazama kama mtu anayenunua mbuzi asiyempenda. "Wewe una mdomo, mgambo. Una kichwa pia, au ni mdomo tu?"

"Afande, vyote viko sehemu moja."

"Kesho kutwa Meja anapita. Nitamwambia. Akikukubali, unakuwa koplo usu na seksheni inabaki. Akikukataa, inavunjwa. Na usimwonyeshe hayo meno yako."

Basi Mama, fikiria. Mimi ambaye tepe nilikuwa nazitaka kwa ajili ya kupiga picha tu, nikatoe moja kule Ngara studio watu waone, leo nazitaka kuliko chakula. Nikanyoa. Nikasafisha bunduki mpaka nikaona pua yangu ndani yake. Nikawaambia wenzangu: Meja akija, kila mtu afunge vifungo na asijikune.

Jirani na handaki letu kuna bibi mmoja, amebaki peke yake, wanawe walichukuliwa na askari wa nduli. Bibi huyu ndiye aliyenifundisha kwamba Mathias si bubu. Lugha yake na Kizinza zinapakana, wakikaa pamoja Mathias anaongea kama redio! Anachekesha, anauliza, anapigwa kibao cha bega na yule bibi. Mimi mwenye maneno nakaa pembeni naokota moja moja. Tulimchotea maji na kumjengea upya paa lililoungua, naye akatupa mikungu miwili ya ndizi za pombe, zimeiva zimekuwa za njano kabisa. Tukaosha karai, tukazimenya, tukazikamua kwa nyasi kama nyumbani, ukatoka umutobe mtamu, juisi yenyewe bado haijawa pombe. Mama, ile harufu! Watu wa Ngara walisogelea karai wote kwa wakati mmoja. Nikasema, huu hatunywi mpaka Meja afike. Tutamkaribisha kwa heshima.

Akafika, mtu mfupi, miwani, hana chochote begani, buti limejaa matope kama letu. Lakini Sajini alisimama wima mpaka nikahofia atavunjika mgongo, ndipo nikajua Bwana na Bibi wamefika. Kiswahili chake ni kile cha pwani, kinatiririka, hakipandishi sauti. Akakagua handaki, akakagua bunduki, hakukuta kosa. Sajini akaanza kusema jina langu. Mambo yanakwenda, Mama, yanakwenda vizuri! Mimi nikaona huu ndio wakati. Nikachota umutobe kwa kikombe cha bati, nikasogea kwa adabu, kikombe mikono miwili.

Na nikafanya kama ulivyonifundisha. Nikaonja kwanza, yeye akiniangalia. Tena sikulamba. Nilikunywa funda zuri la kusikika kooni, ili mgeni asiwe na shaka. Ndipo nikampa.

Hakupokea.

Sajini akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa binadamu. "Wewe! Unakunywa kabla ya Afande? Halafu unampa makombo? Umelogwa?"

Mama, jeshini mdogo hatangulii kunywa. Hiyo naijua, tuliambiwa mwanzoni kabisa, na mimi ni mtu niliyetembea. Lakini mkono ulioshika kikombe cha mgeni haukuwa wa jeshi, ulikuwa wa nyumbani. Nikasimama pale, kikombe hewani, nikamwona Mathias amekwisha fika kwenye lori la watu wengine.

Meja akavua miwani, akaifuta. "Nani alikufundisha kunywa mbele ya mkubwa wako?"

"Mama yangu, Afande."

"Mama yako?"

"Ndiyo Afande. Yuko Nyamiaga, Ngara. Hana tepe, lakini akipita wote tunasimama."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kicheko. Meja hakucheka.

"Naomba ruhusa nieleze, Afande."

"Eleza. Kwa kifupi."

"Kwa kifupi sijazoea, Afande, lakini nitajaribu. Kwetu anayempa mgeni kinywaji huanza yeye, mgeni akiona kwa macho yake. Nikikupa bila kuonja, ni kama nimesema: kama kuna sumu, ni yako. Nikianza mimi, nimesema: kama kuna kifo humu, kinikute mimi. Na hapa tuko kwenye nchi ya watu. Ndizi si zetu, karai si letu. Ningekupa hivi hivi, kwa watu wa kwetu ningekuwa nimekutukana mbele ya askari wako."

Sajini akafungua mdomo. Meja akainua kidole, Sajini akaufunga. Meja akatupitisha macho wote, yakatua kwa aliye mrefu.

"Wewe. Ni kweli anayosema?"

Katika watu wote amemchagua Mathias! Nikataka kumsemea, Meja akanikata kwa jicho. Mathias akayatafuta maneno yake ya Kiswahili moja moja, kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi.

"Kweli Afande. Hata kisima. Tukifika kisima, yeye anakunywa. Sisi tunangoja. Akiwa bado amesimama, na sisi tunakunywa."

"Kila kisima?"

"Kila kisima."

Meja akamgeukia Sajini. "Ulijua?"

"Hapana, Afande."

"Nani alimwamuru afanye hivyo?"

"Hakuna, Afande," akasema Mathias. "Yeye anapenda kunywa."

Hapo hata Sajini alishindwa. Wote wakacheka, na mimi sikujua nicheke au nilie, maana nimesifiwa na kutukanwa kwenye sentensi moja, tena ya Kiswahili, tena na Mathias. Meja akavaa miwani yake. Akapokea kikombe, akakizungusha.

"Kwa hiyo humu kuna mate yako."

"Machache, Afande."

Akanywa. Akanywa mpaka mwisho, Mama, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Mtamu," akasema. "Lakini ungeomba ruhusa kwanza. Umejua sheria, hukuifuata. Sajini, mpe sanduku lile la risasi alipandishe mlima ule na kulirudisha. Akifika hapa akueleze amejifunza nini."

Nikalishika sanduku. Ni zito, Mama, ni la watu wawili, na mlima ule ulaini wake niliousifu umefutika. Nikafika hatua chache tu, nikalitupia mgongoni, likaniangusha goti moja. Mara likawa jepesi. Nikageuka: Mathias ameshika upande wa pili.

Sajini akapiga kelele. "Wewe! Nani amekuamuru?"

Mathias hakuelewa, au aliamua kutoelewa. Akasema jambo kwa Kizinza, taratibu, bila kuliachia sanduku.

Meja akauliza, "Anasemaje?"

Nikatafsiri, na sikuongeza kitu, naapa. "Anasema, Afande, sanduku lina mishikio miwili."

Meja akatuangalia sisi wawili tumesimama pale kama watu waliobeba jeneza, mmoja mrefu mmoja mfupi, sanduku limelalia upande wangu. Akamwuliza Sajini kwa ile sauti yake ndogo:

"Katika kombania nzima, wako wangapi wanaomwelewa huyu mrefu?"

"Huyo mmoja, Afande. Na yule bibi jirani."

"Bibi hatuwezi kumwandikisha." Akaanza kuondoka, kisha akasimama. "Seksheni ibaki ilivyo. Huyu awe koplo usu kuanzia leo. Tepe utashona ukirudi nyumbani, kijana, huku hazivaliwi. Na sanduku lipande mlima, sijafuta adhabu."

Tukapandisha, Mama. Tulipofika juu tulikaa juu ya lile sanduku, Mathias akaniambia kwa Kizinza kwamba yeye Kiswahili chake kimekwisha chote kwa mwaka huu, nisimwombe kingine. Nikamwambia sasa mimi ni mkubwa wake, anisalimie vizuri. Akanisukuma nikaanguka kwenye nyasi. Ndiyo saluti yangu ya kwanza.

Mpelekee Balozi habari hizi kama zilivyo, asiongeze nyota. Kitambaa chenyewe Sajini alinipa jioni ile ile, alikikata kwenye shati lake la zamani la wakati yeye mwenyewe akiwa na tepe moja. Alinirushia tu kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Nimekiweka mfukoni, upande wa ndani. Usifikiri kimenibadilisha. Bado mimi ndiye mzuri kuliko wote hapa na bado naimba vibaya. Ila nitakwambia jambo moja ambalo kwenye kwata hawalifundishi. Nikiwa askari wa kawaida nilikuwa nalala nikigusa ardhi. Sasa nalala jicho moja, nasikiliza nani anakohoa, nani hajavua buti lenye maji, nani hajala. Hata yule mtu wa Bugarama ambaye tulikuwa tunanuniana kwa sababu ya tumbaku, jana nilimpa blanketi langu, na nilimwambia si kwa mapenzi ni kwa cheo. Akasema, "Asante, Mama." Hivyo sasa wanaponitania wananiita Mama. Mambo yako hayo.

Wanasema tutasonga mbele mvua zikipungua. Bibi jirani amesikia, ametupikia ndizi na kutulilia kidogo, halafu akatugombeza kwa kuondoka na matope kwenye mlango wake. Watu wote wana matumaini. Hata Sajini anasikika akipiga mluzi. Mimi naamini tutarudi kabla hamjavuna mtama, na nitapita njia ya Biharamulo kwanza, kuna mama mmoja pale ambaye mkono wake nina deni la kuurudishia kitu.

Nisalimie Baba mdogo, mwambie ile baiskeli asiiuze, naijua tabia yake. Msalimie shangazi wa Bugarama, na asikasirike kwa niliyoyasema kuhusu watu wa huko, nilitania, hata kama ni kweli. Msalimie Katekista na mkewe, na Padri, mwambie kiti chake kioshwe tu. Mjomba mfua chuma mwambie visu alivyotutengenezea vinamenya ndizi vizuri kuliko vya jeshi. Na wewe dada Skolastika, asante kwa kusoma mpaka hapa bila kuruka. Kama uliruka, rudi. Siku mama yake Mathias akija mnadani hapo, au mtu yeyote wa kwao, mwambieni anakula vizuri na ana rafiki bibi kizee.

Nakuachia hapa Mama, maana jua limepanda na nina kazi. Kazi ya kwanza ya koplo usu kila asubuhi ni kusimama mbele ya watu wake na kuita majina. Leo nimeyaita kabla sijashika kalamu hii, la mwisho likiwa la Mathias. Nikalitaja, kukawa kimya. Nikalitaja tena, sauti ikanipanda. Akatokea nyuma ya nyumba ya bibi amejitwika mtungi wa maji kichwani, akaitika "Nipo, Afande," kwa Kiswahili safi kabisa.

Kila jina limeitika, Mama.

Ni mimi mwanao,
Koplo Usu Deogratias